Kompyuta Imegoma, Nami Nangoja Aje Aiangalie

Anti Hilda, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Makambako, ukurasa wako huwa naukata na kuubandika ukutani dukani, na leo imefika zamu yangu kukusumbua, usinicheke nikianza na habari za kompyuta maana huko ndiko shida yangu ilikokaa.

Nina steshenari karibu na stendi, nachapa barua, kadi za harusi na mitihani ya shule, na kompyuta ninayotumia ni ile ya mezani, aliniungia kaka mmoja anaitwa Nahumu wakati ule bado yuko hapa mjini, na sitakuficha Anti, huyo kaka nilimpenda na nampenda mpaka sasa. Msimu wa baridi alikuwa anakuja asubuhi na koti lake kubwa, anakaa kwenye benchi upande wangu, anaweka mikono nyuma ya kompyuta pale feni inapotolea hewa ya moto, anasema hili ndilo jiko la watu waliosoma, na mimi nacheka huku nachapa makosa. Mama alipolazwa hospitali ya Ikonda ni yeye aliyetusindikiza mpaka kule Makete, na tukiwa tumekaa nje ya wodi akaniuliza, "Fidelia, nimtume mshenga kwenu?" Nikamwambia angoje kwanza. Nilisema hivyo kwa sababu sisi ni Wakatoliki, baba yangu ni katekista, na kina Nahumu ni Walutheri tangu babu zao, nikajua baba atasema nini. Yeye akangoja, hakunisukuma, mpaka akapata kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja kule Igwachanya akaondoka, simu zikapungua, zikaisha, na wala hatukugombana hata siku moja.

Sasa juzijuzi mdogo wake Tabea alipita dukani kutoa kopi, akaona kompyuta inavyojikokota, akaenda kumwambia kaka yake. Haukupita muda konda wa kosta ya Igwachanya akanishushia kiroba cha viazi na juu yake boksi dogo, ndani kuna RAM, kile kibao chembamba kinachoongeza wepesi wa mashine, na kwenye simu Nahumu akanitumia sauti yake, akianza na salamu ya huku kwetu: "Kamwene, Fidelia. Zima, chomoa waya, ichomeke kando ya ile ya zamani, gandamiza mpaka usikie vibano vyote viwili vya pembeni vimelia. Ikigoma nitakuja mwenyewe kuiangalia." Hiyo sauti nimeisikiliza mpaka najua ni wapi anavuta pumzi.

Nikafanya alivyosema, nikaichomeka, nikagandamiza, kibano kikalia, nikafunika, nikawasha. Taa ikawaka, feni ikazunguka, lakini kioo cheusi, halafu ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, na mpaka leo ni hivyo hivyo. Romani, fundi simu wa mlango wa pili, alikuja kuangalia, akasema hiyo haijakaa sawasawa tu, akanyoosha mkono aiguse, nikamfukuza, nikamwambia hiyo ina mwenyewe. Wateja nawaelekeza kwa jirani. Kila asubuhi nawasha, inalia, naweka mikono pale nyuma kwenye feni, inatoka hewa ya baridi, nazima.

Tabea anasema kaka yake amepata uhamisho wa kwenda Katavi, anaondoka mwisho wa mwezi huu, na kila wakiongea anamuuliza kama ile mashine imewaka. Mimi namwambia Tabea amjibu bado, nikidhani akisikia hivyo atapanda kosta aje, lakini haji. Anti, nimpigie nimwambie imegoma, aje aitengeneze kabla hajaondoka, au ataona najirahisisha? Au nimwite tu Romani aiguse yaishe? Nimemkumbuka huyu mtu, Anti, nimemkumbuka mpaka nikisikia kosta inafunga breki huko nje nanyanyuka kwenye kiti.

Fidelia, Makambako

Anti Hilda anajibu:

Marahaba, Fidelia. Pole mwanangu, na natumaini viazi angalau umekula.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na miwani. Mwenzio alikwambia vibano viwili. Wewe umeniandikia kibano kililia, kimoja, ukafunika. Mtu anayechapa mitihani ya watoto wa shule anajua kuhesabu mpaka mbili. Kisha akaja jirani, akakwambia ugonjwa ni nini, ukamfukuza dukani. Kompyuta yako haijagoma, Fidelia, wewe ndiye uliyeigomea, kwa sababu unaogopa ikiwaka Nahumu hatakuwa na sababu ya kuja. Sikucheki kwa hilo. Una hamu naye, na kitu pekee alichokuachia cha kumwitia ni hicho, nawe ukakishikilia.

Lakini sasa acha. Ukiiwasha kila siku wakati kile kibao kimekaa upande unaweza kukiunguza kweli, uharibu zawadi ya mtu. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kile kitufe cha kuwashia kwa muda kidogo ili umeme uliobaki uishe. Vua sweta la sufu, najua baridi ya huko, lakini sufu ina umeme wake, na ushike kwanza bati la kasha kabla hujagusa kingine. Toa hiyo RAM, futa meno yake, yale ya rangi ya dhahabu, taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, linganisha ule mkato wake na wa kwenye tundu, halafu gandamiza pande zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibano viwili vilie, nimesema viwili. Ikiendelea kulia, itoe, uwashe na ile ya zamani peke yake. Ikiwaka hivyo, basi ile mpya ama ni mbovu ama haipatani na mashine yako, na hapo mwite Romani, umwombe na radhi. Kazi za wateja ziko kwenye diski, hakuna aliyezigusa.

Tuje kwa baba. Umeniandikia baba yako atasema nini, lakini sikuona hata mstari mmoja wa alichosema. Ulimuuliza lini? Katekista anajua kuliko mimi na wewe kwamba ndoa ya Mkatoliki na Mlutheri ina utaratibu wake na inaombewa kibali, na padre wenu ataueleza vizuri ukienda kumwona. Inawezekana baba akakataa. Basi akatae yeye kwa mdomo wake, usikatae wewe kwa niaba yake huku mzee wa watu yuko kwenye mahindi yake hana habari. Jumapili hii baada ya misa mfuate, mtajie jina la kijana na la wazazi wake, umweleze nani alikaa nje ya wodi mama alipokuwa amelala ndani.

Na Nahumu. Hiyo "bado" unayomtumia kwa mdomo wa Tabea, yeye anaisikia kwamba hata boksi hujalifungua. Aliuliza Ikonda, akajibiwa angoje. Katuma kiroba na zawadi, anajibiwa bado. Mtu mwenye adabu zake akijibiwa hivyo mara mbili anafunga mizigo, na ndicho anachofanya sasa hivi. Kwa hiyo usimpigie kumwambia imegoma. Akija kutengeneza atatengeneza, atakunywa chai, atapanda kosta ya jioni, nawe utabaki na kompyuta nyepesi. Itengeneze wewe, leo hii, kioo kiwake, ndipo upige simu, kwa sauti yako, Tabea muache apumzike. Ataanzia kwenye mashine, maana wanaume wa namna yake huanzia hapo. Atakuuliza, "Vipi, imegoma?"

Mjibu, "Imewaka. Njoo hivyo hivyo, na mshenga wako."