Kolachi za Siku ya Kufunga Bunge

Mdogo wangu Arlene,

Joto la Arizona limekuachia pumzi ya kusoma? Huku mahindi yameota. Mwanangu Darrell, mbunge wetu, ametokea tena kwenye televisheni, suti ya buluu, mabega ya marehemu baba yetu. Mji mzima wa Wilber ulimwona, hata wanaojifanya hawana televisheni.

Kesho bunge la jimbo linafunga kikao, na mzee Wendell anatoka ubunge. Watu wake bado wanamtaka, lakini sheria inasema mihula miwili, basi. Ndiye aliyemfundisha Darrell kazi, ingawa vyama vyao ni tofauti. Kila siku ya kufunga bunge mimi huoka kolachi, vile vimkate vyetu vitamu vyenye plamu katikati, na wabunge wa vyama vyote hula pamoja.

Jana Darrell akanipigia simu. "Mama, safari hii oka za watu wetu tu."

"Na Wendell?"

"Mama, hawa wabunge wapya wa chama chetu wakiniona nacheka naye, kwenye kura za mchujo wananiwekea mtu wa kunipinga."

"Kwa hiyo mzee atuangalie tukila?"

Akaniuliza habari za mahindi. Arlene, mwanangu huyu, msemaji kuliko wote!

Usingizi umenikimbia. Nimeoka za wote. Sinia ziko garini, alfajiri naendesha mwenyewe hadi bungeni Lincoln. Ya kwanza nitamtia Darrell mkononi, mbele ya watu, ampelekee Wendell.

Akimpelekea, nitakupigia simu hapo hapo. Kama barua hii imekufikia na simu haijalia, usiniulize.

Pole na maumivu ya magoti,
dada yako Vlasta