Maelezo ya Mpishi wa Meli Kuhusu Mtu wa Kumi na Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho, melini naitwa Sufuria. Umri: miaka 52. Kazi: mpishi, meli ya mizigo. Makazi: kwa dada yangu, nyuma ya soko.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa jikoni melini. Shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni fundi wa mashine, alipita akaonja mchuzi, akasema hauna chumvi. Husema hivyo kila siku, mwaka wa sita huu. Nikamwambia akale grisi yake. Akashuka chini kwenye mashine.

Dakika kumi baadaye meli nyingine ilitugonga ubavuni. Ilikuwa imebeba mafuta, moto ukaturukia. Hapo maji yakazidi unga. Tulikimbilia mbele, jaketi za kuokolea zote rangi moja, nyuso nyeusi kwa masizi.

Saa sita kamili helikopta ilifika, ikatuvuta kwa kamba mmoja mmoja. Nahodha wetu alituhesabu mle ndani mara mbili: kumi na watatu, tumetimia. Akamwambia rubani aondoke.

Afande, mimi na hesabu ni paka na panya, lakini mdomo niliolisha naujua. Niliwatazama wote. Mlangoni alikaa mwanamume mwenye ndevu. Nikasema, "Nahodha, huyu sijawahi kumpikia."

Kumbe ni baharia wa meli ile nyingine, aliruka kwetu meli zilipogongana. Basi wetu tulikuwa kumi na wawili, na aliyekosekana ni shemeji. Ningeingiaje kwa dada peke yangu?

Rubani alisema mafuta yanatosha mzunguko mmoja tu. Akazunguka nyuma ya meli. Ndani ya moshi niliona mkono unapunga tambara la grisi. Mwokoaji alishuka kwa kamba, akapanda naye, nyusi zimeungua, mzima. Nililia, andika hivyo hivyo.

Shemeji alikohoa sana, kisha akaniuliza, "Ule mchuzi, ulishautia chumvi?"

Nilimshika kola mpaka tukatua. Yule mwenye ndevu naye ni mzima, na wenzake waliokolewa kwa boti. Jumapili atakula kwetu.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Nimesomewa, ni sahihi, ila naomba liongezwe moja: mchuzi kweli haukuwa na chumvi. Shemeji asionyeshwe karatasi hii.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo yameandikwa nami, koplo wa zamu, saa tisa alasiri. Shemeji wa shahidi yupo nje kwenye benchi, ameuliza mara tatu tunachelewa nini.