Rangi za Mtumbwi wa Jafari

Rumonge, Jumapili asubuhi

Mdogo wangu mpenzi Batuli,

Amahoro kwako, kwa shemeji na kwa wote wa nyumba yenu huko Ujiji. Natumaini mguu umepona na sasa unafika sokoni bila fimbo. Mimi ni mzima kiasi cha kushukuru. Ziwa limekula tena ukingo wa barabara, mawese yamepanda bei na ndagala, dagaa wetu, wanapatikana kwa bahati. Hayo ndiyo ya huku. Simu sikutaka kupiga, kwa sababu sauti yangu ingekutia wasiwasi kabla sijamaliza kusema.

Umeniandikia nije nipumzike kwako, kwamba mtu wa umri wangu hana sababu ya kuinama kutwa akipaka mitumbwi ya watu. Nilisoma, nikanuna. Mimi nikikaa siku nzima bila brashi, hata chakula hakipiti. Nikishaswali nashuka ufukweni, natazama mitumbwi ikirudi, nakunywa chai kwa yule mama wa mandazi, ndipo nachanganya rangi. Vijana huniuliza mapambo nayatoa wapi. Nawaambia natazama mwenye mtumbwi anavyotembea, anavyogombana, anavyowaita watoto wake, mengine mkono unajua wenyewe. Mtu mkali simpi nyekundu, anayo tayari.

Tena unajua rangi kwetu si urembo tu. Wanawake wanaongoja samaki huwatambua waume zao kwa rangi, mtumbwi ukiwa bado mbali. Ndiyo maana mtumbwi ukipotea ziwani, rangi zake hapa ufukweni kwetu hapewi mwingine mpaka mjane aruhusu. Jafari, mtoto wa Waziri fundi cherehani, alipotea mwaka jana na mtumbwi wake wa kijani wenye mkanda wa njano. Niliupaka mimi. Mkewe Nafisa hajaruhusu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Sasa kuna kijana anaitwa Hubert, Mkristo kutoka Fizi, amehamia kwetu na mke wake na mtumbwi wa kununua. Aliomba bluu, na mkanda wa njano. Nikaupaka kwa moyo wote, jioni akauchukua akaenda kuvua. Kulipopambazuka Nafisa alikuwa ufukweni na beseni lake pamoja na wenzake. Akaona kijani na njano vinakuja. Batuli, yule mwanamke aliingia majini na nguo zake zote, maji yakamfika kifuani, anaita jina la mumewe. Wenzake walimfuata kumrudisha, naye anawapiga. Aliacha kuita pale mtumbwi ulipokaribia, akamwona Hubert amesimama na kasia, hajui amekosa nini.

Mimi nilikuwa pale. Nilimsikia anavyoita, lakini mtumbwi niliouona mimi ulikuwa wa bluu. Sikuelewa kitu mpaka Waziri alipokuja kuniuliza kwa nini nimempa mgeni rangi za mwanawe. Akaondoka bila kuniaga. Baadaye Hubert alikuja kuniomba radhi, eti aliona kwamba si bluu, ila aliogopa kumsahihisha muzee, akadhani fundi anajua zaidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi nikwambie nililokuficha, mdogo wangu. Macho yangu yamekwisha. Wino mweusi bado nauona, lakini bluu na kijani kwangu siku hizi ni kitu kimoja. Nilikuwa natambua makopo kwa mahali nilipoyaweka, na paa lilipovuja niliyahamisha, nikasahau. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ukisikia utakuja kunichukua.

Nilikwenda kwa Nafisa nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Akasema kwamba kwa dakika zile chache alikuwa na mume, na kwa hilo hanikasirikii. Akaniuliza nani atanichagulia rangi nikienda kuupaka upya mtumbwi wa Hubert. Nikasema sijui.

Asubuhi yake alikuja mwenyewe ufukweni. Aligeuza beseni akalikalia, akanionyesha kopo la bluu. Mimi napaka, yeye ananiambia palipobaki kijani: kushoto kidogo, chini, rudi juu. Sikuwa naona tofauti yoyote, nilikuwa nafuata sauti yake tu. Tulipofika sehemu ya mbele akanyamaza. Nikamuuliza kama tumemaliza, akasema bado, kimebaki kipande cha kijani kama kiganja. Nikangoja na brashi mkononi, wala sikumharakisha. Nilimsikia akilia. Kisha akaniambia nifunike.

Kwa hiyo Ujiji siji, Batuli, angalau kwa sasa. Uko mtumbwi mwingine unangoja, na Nafisa amesema kesho atashuka tena. Usinichukie kwa kukuficha, na shemeji usimwambie bado. Waziri jana aliitika salamu yangu. Wabusu wajukuu kwa ajili yangu, na Mungu awalinde wote wanaovuka ziwa hili, pamoja na huyu anayekuletea barua.

Ni mimi kaka yako,
Asmani