Vidonge Vimenishinda Kuacha

Baba Tahiri,

Ukirudi kutoka shamba, kisamvu kiko sufuriani, kipashe moto. Maji ya ndoo ya bluu ni ya kunywa, usije ukayaogea!

Asubuhi uliponikuta nyuma ya jiko nameza vidonge, nilisema kichwa kinauma. Nilikudanganya. Ni vile vidonge vya maumivu ya mgongo. Mgongo ulishapona tangu kabla ya Ramadhani, ila vidonge ndivyo vimenishinda kuacha. Miaka kumi na moja sijagusa uraka wala pombe yoyote, nikajua nimeshapona. Kumbe bado.

Hukunigombeza. Ulinishika mkono tu ukauliza, “Mama Tahiri, umekula kitu lakini?” Bora ungenifokea.

Ulipoondoka nikampigia Dorika, yule tuliyeacha naye pombe. Akasema, “Usiende peke yako, nipitie hapa Masasi.” Tunakwenda wote hospitali Ndanda. Vidonge vilivyobaki nimevibeba, daktari avione.

~~Usimwambie Tahiri.~~ Mwambie. Ni mtu mzima sasa, na mimi nimechoka kuficha.

Kesho nifuate, ukiweza. Nakuonea aibu, lakini nitamwambia daktari yote vizuri zaidi ukiwa umekaa pembeni yangu.

Mkeo,
Mama Tahiri