Nani Kamnenepesha Levina?

Jumanne, mwezi wa tisa. Vumbi, jua, na moshi wa mashamba yanayochomwa huko milimani.

Ninautangazia umma wa Mbinga mjini, pamoja na majirani wanaosikiliza kupitia ukutani, kwamba leo asubuhi binti yangu Levina, mwenye umri wa miaka minne, amekunywa uji mpaka ua lililochorwa chini ya bakuli likaonekana. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyeahidiwa pipi. Simu ilikuwa kwenye chaji, chumba kingine. Wananchi waendelee na shughuli zao.

Naandika kwa mbwembwe kwa sababu niliamka na hofu. Leo ilikuwa siku ya kliniki.

Mwezi uliopita nilimpeleka mwenyewe. Nesi, binti mdogo mwenye sauti ya upole, akampandisha kwenye mzani, akautazama mzani, akanitazama mimi. "Mama, huyu kapungua. Tena si kidogo. Kula anakula?"

Nikasema anakula. Nilidanganya. Levina alikuwa hali, alikuwa analishwa.

Habari zilifika kijijini Mkumbi kabla mimi sijafika nyumbani. Mama mkwe wangu, Bibi Hilda, hakunigombeza. Alipiga simu, akauliza hali za wote mmoja mmoja, ndipo akasema, "Mwanangu, usihangaike. Kliniki ijayo nakuja mwenyewe. Kama hajapanda, nitamchukua nikae naye mpaka aanze shule."

Kwetu huku bibi akimchukua mjukuu si adhabu. Ni zawadi, na majirani watakuja kukupongeza. Mume wangu, ambaye ndiye mtoto wa huyo bibi, alisema neno moja tu: "Si mama?" Nikajua niko peke yangu. Angekuwa ananinyang'anya mtoto ningepiga kelele. Sasa zawadi unaipigiaje kelele?

Kwa hiyo nikaanza kuchunguza.

Mimi ni fundi cherehani. Sikusomea watoto, nilichosoma ni kile kinachofunguka kwenye simu bando likiwepo. Huko wanasema wazazi wako makundi. Kuna wakali, kuna walegevu, kuna wasiojali, na kuna wa katikati, ambao wana sheria lakini wanaeleza sababu na hawasahau kukumbatia. Wote wanawasifu wa katikati. Shida ni kwamba sijakutana na mzazi asiyejiweka katikati. Jirani yangu, ambaye fimbo yake ina mahali pake maalumu juu ya kabati, naye anajihesabu humo.

Na mimi nilijihesabu humo. Halafu mchana mmoja nikajitazama: nimepiga magoti sakafuni, katuni inaimba kwenye simu, na mimi naimba juu yake. Kijiko cha baba. Kijiko cha bibi. Kijiko cha padre. Kijiko cha padre kilikuwa kimetemwa ukutani.

Huyo si mzazi wa katikati. Huyo ni mhudumu wa hoteli anayeogopa kufukuzwa kazi.

Nikafunika cherehani, nikambeba mwanangu, nikaenda kuona wenzangu wanafanyaje.

Tulianzia Mkumbi, maana adui ni vizuri umjue jikoni kwake. (Mama, kama kuna mjukuu anayekusomea hapa, neno "adui" ni utani.) Kwa Bibi Hilda wajukuu wote wanakula sahani moja, wamekaa chini, na sheria hazijabandikwa popote lakini kila mtoto anazijua. Unanawa. Unamsubiri mkubwa amege kwanza. Huongei na tonge mdomoni. Mboga unachovya, huchoti. Ukichezea chakula unanyanyuliwa kutoka kwenye sahani, na hakuna rufaa.

Levina alikaa, akatazama ukutani, akangoja katuni.

"Unatafuta nini, mke mwenzangu?" bibi yake akamuuliza. "Hapa sinema hakuna. Mega."

Hakumega. Binamu zake hawakumbembeleza, walimsaidia kumaliza. Nilikaa juu ya mikono yangu ili isiende kumlisha. Jioni alitangulia kumega kabla ya mkubwa, akakemewa, akala. Mimi nilienda nyuma ya nyumba nikafuta machozi nikijifanya naangalia kahawa iliyoanikwa.

Niliwatazama sana wale binamu. Wana adabu ya kukushangaza. Shikamoo zao zinakuja kwa mstari, na tonge la mwisho wanaligawana vipande vinavyolingana bila mtu kusema. Lakini nilipomuuliza mmoja wao anapenda kula nini, alimtazama bibi yake, kama vile jibu limehifadhiwa kule.

Kutoka hapo tukashuka ziwani, Mbamba Bay, kwa wifi yangu Editha, dada wa mume wangu. Ukiteremka ile barabara masikio yanaziba, na ukifika chini sweta unaona aibu kulishika. Editha anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, na anajua waliko usipa wake wote kuliko anavyojua waliko watoto wake.

Kwake hakuna saa ya kula. Sufuria ipo, ugali upo, anayetaka anachota. Wengine wanakula wamesimama, wengine wanakula usipa moja kwa moja kutoka kwenye kichanja huku wakikimbizana na kuku. Siku ya kwanza nilimfuata Levina na bakuli ufukweni, nikiita.

"Wifi, unamkimbiza mtoto au unamchunga mbuzi?" Editha akacheka mpaka akaketi. "Muache huyo. Mdomo anao, atasema."

Na akasema. Alikuja mwenyewe, mchanga mpaka kwenye nyusi, akadai ugali kama mtu anayedai haki yake. Nilitaka kupiga picha.

Watoto wa Editha hawaogopi mtu. Mmoja alinitazama muda mrefu kisha akauliza kwa nia njema kabisa, "Shangazi, hiyo shingo ulizaliwa nayo?" Mimi si shangazi yake, na swali lake halina jibu, lakini nilipenda jinsi alivyokuwa anataka kujua kweli. Nilikuwa karibu kuandika kwamba njia ni hiyo, tuwaache. Ndipo mdogo wao wa mwisho akanipa mkono tuagane, nikaona kovu la moto kutoka kiwiko hadi kiganjani. Sufuria ile ile ya anayetaka achote. Editha aliliona jicho langu lilipokwenda. Hakucheka.

Hapo ndipo utafiti wangu ulipoanza kuvuja.

Maana jambo lingine hili hapa. Mume wangu na Editha walizaliwa tumbo moja, wakala sahani moja pale Mkumbi, chini ya sheria zile zile na macho yale yale. Yule kaka mpaka leo hawezi kuchagua shati la kwenda kanisani bila kuniuliza. Huyu dada hajawahi kuambiwa kitu na mtu yeyote akakifanya. Kama malezi ndiyo yanayomtengeneza mtu, pale jikoni walitengenezwaje watu wawili hawa? Au kila mtoto anakuja na kichwa chake, na sisi tunagombania sifa ya kijiko?

Nilirudi Mbinga na sera ya kuchanganya: tunakula wote chini, sahani moja, mimi, baba na Levina, simu haikaribii, anayetaka anakula, asiyetaka anatutazama tukila. Sikuimba tena. Siku za mwanzo alitutazama sana. Kumtazama mtoto asiyekula bila kufungua mdomo wako ni kazi ngumu kuliko kushona koti la harusi.

Basi leo. Bibi Hilda alifika asubuhi na mapema, amevaa kitenge kizuri na amebeba kingine cha kumbebea mtoto. Hatukukizungumzia. Tulikaa kwenye benchi la kliniki, Levina katikati yetu, kila mmoja ameshika mkono wake mmoja.

Nesi wa leo alikuwa yule mama wa siku zote, aliyekuwa likizo mwezi uliopita. Akampandisha Levina kwenye mzani na gauni lake jepesi.

"Kapanda," akasema. "Si haba."

Kabla sijasema asante, mama mkwe alikuwa ameshasimama. "Maharage ya Mkumbi hayo!" akawaambia kina mama wote wa kwenye benchi. "Siku chache tu kwangu, mnaona?" Nikasema, kwa heshima zote, kwamba hata huku nyumbani tumebadilisha mambo, Mama. Nikaongeza kwamba wifi naye alichangia. Akasema usipa haujawahi kumnenepesha mtu. Tulikuwa tunaelekea pabaya.

Nesi alisoma kadi ya Levina, kisha akamtazama mwenyewe, kichwa ameinamisha upande.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nani aliwaambia huyu alipungua? Huyu hajawahi kupungua. Si ndiye aliyeletwa na baba yake mwezi wa saba, kwenye ile baridi? Kakataa kuvua koti la baba yake, analia, foleni imefika nje. Nikampima nalo hivyo hivyo, na uzito huo ndio nilioandika kwenye kadi."

Bibi Hilda alikunja kile kitenge cha pili, akakikunja tena, akakitia kwenye mkoba. Akasema atapanda gari la mchana, kuku wake hawana mtu. Levina akamuaga kwa adabu ambayo hakuna aliyemkumbusha.

Tulipofika nyumbani nilimpigia mume wangu, ambaye mwezi wa saba huzunguka vijijini akitengeneza mashine za kumenyea kahawa, nikamuuliza ni koti gani. Akasema lile la kazini. Spana zilikuwa mfukoni.