Upanga wa Kilo Moja na Nusu

Jumatatu, 4 Machi
Nisamehe, daftari. Tangu mtoto aanze kutambaa sijakushika. Si kwamba sina la kusema — sina mkono wa kuandikia!

Juzi tulicheza tena kwa wifi. Yeye ndiye msimulizi: anatunga falme na mazimwi, sisi tunarusha dadu na kuwa watu wengine. Mimi ni mlinzi wa malkia. Ni saa mbili tu kwa wiki ambazo mimi si mama wa mtu. Basi wifi akasimulia upanga mzito kama mfuko wa saruji, uliompasua mfalme na deraya yake, lile vazi la chuma la vitani, vipande viwili. Nikadakia: haiwezekani! Panga za kale zilikuwa nyepesi, kilo moja na nusu hivi, na deraya ya chuma haikatwi kama papai. Niliona kwenye video nikinyonyesha. Kinyozi wa mume wangu, ambaye mchezoni ni mwizi, akacheka: zimwi linatema moto hujasema kitu, upanga ndio umekukaa kooni? Wifi akasema basi nilete huo wangu mwepesi, wauone.

Nitauleta!

Ijumaa, 8 Machi
Fundi wa kuchomelea kaumaliza. Mzuri! Butu, kama nilivyotaka. Ila — mzito. Nilimpa urefu na upana, sikumwambia auchonge uwe mwembamba kuelekea ncha. Kakata bamba la chuma, unene uleule toka mpini hadi mwisho. Nimeuweka kwenye mizani ya duka. Kilo nne na robo.

Nitasemaje?

Jumamosi, 9 Machi
Nimesema kilo moja na nusu. Kwa mdomo wangu huu. Nimeushika kwa mikono miwili natabasamu, mishipa ya shingo imenitoka.

Kinyozi akaniamini. Akaupokea kwa mkono mmoja, ukamshinda palepale. Kioo cha meza kikapasuka — na mtoto wangu yuko chini yake! Wifi akamvuta. Mtoto hana hata mkwaruzo. Wifi kachanika kiganja cha kulia, kashonwa nyuzi saba. Na wifi ni fundi cherehani.

Akamfokea Kinyozi: kilo moja na nusu inakushinda, mikono ya uji wewe! Usikanyage hapa tena! Kinyozi akaniangalia. Nikajifanya namfuta mtoto machozi.

Mtoto hakuwa analia.

Jumatatu, 11 Machi
Mume wangu katoka kunyolewa. Anasema Kinyozi kanyong'onyea, hana hata utani. Kamuuliza kama wifi anaweza kushika mkasi. (Hawezi.) Eti haelewi mkono wake ulipatwa na nini.

Mbona umenywea, mume wangu akaniuliza. Nikasema mtoto hajalala vizuri. Sasa namsingizia hata mtoto.

Jumanne, 12 Machi
Wifi kapiga simu. Hakunilaumu! Ananitania: mlinzi wa malkia hajambo? Nikasema hajambo. Nilikusudia kumwambia. Kweli, nilifungua mdomo. Akanitangulia — siku ile tulikimbilia hospitali, tukaacha vitu. Kaka yake, yaani mume wangu, akipita jioni ampe nini?

Nikamtajia. Chupa ya mtoto, ile ya mfuniko wa kijani. Kiatu cha kushoto. Shuka la njano. Dawa ya kikohozi, iko juu ya friji. Na ule upanga — usiunyanyue wewe, wifi, mkono wako bado. Mwachie kaka yako.