Moyo wa Ng'ombe Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe, shemeji na watoto. Je, kikohozi cha shemeji kimepungua? Na goti lako bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tunakula na kulala, na ukikutana nami njiani utasema sina neno. Lakini ninalo, dada, tena zito. Tafadhali kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Muhula huu shule yetu ilipata projekta, na mwalimu mkuu akatuhimiza tufundishe kwa picha na video badala ya kuchosha mikono ubaoni. Wenzangu wengine walibeza, wakasema shule si sinema. Mimi nikajaribu. Unajua darasa langu la biolojia linavyosinzia baada ya chakula cha mchana. Siku nilipowaonyesha moyo ukidunda ukutani, mkubwa kama mlango, hata wale wa nyuma walioganda kama mijusi walisogea mbele. Waliuliza maswali mpaka kengele ikatukatiza, na mtihani wa wiki ile wakafaulu hadi nikadhani wameibia. Basi kichwa kikavimba.

Nikaona nisitegemee video za watu tu. Nikanunua moyo wa ng'ombe kwa muuza nyama, nikaegesha simu dirishani inirekodi, nikaupasua mbele ya wanafunzi huku nikieleza. Nilitaka kipindi kinachofuata tuutazame pamoja, nikisimamisha video kila wasipoelewa.

Tukafunga mapazia, tukaanza. Nikajiona nimeshika kisu, nasema damu inaingia chumba cha juu, kisha nikanyamaza. Nimesimama tu, kisu kiko hewani, macho yametulia pasipo na kitu, na mdomo unatafuna wala hamna ninachokula. Nikadhani video imekwama, nikaanza kubonyeza kompyuta. Lakini nyuma yangu, kwenye ile video, pazia lilikuwa linapepea.

Kisha kiranja wa darasa, binti mmoja mpole ambaye hata kuomba chaki huona haya, akaonekana akiinuka. Alinijia taratibu, akanifungua vidole kimoja kimoja, akachukua kisu, akakiweka upande wa pili wa meza, akarudi kukaa. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Baada ya muda yule mimi wa ukutani akapepesa macho, akatafuta kisu, akakiokota na kuendelea na habari za damu.

Dada, nilikuwepo siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale, na sikumbuki hata chembe.

Nikakalia dawati la mwanafunzi. Nikawauliza ni nini kile. Wakatazamana kama watu walioombwa kutoa siri ya nyumba. Mwishowe kiranja akasimama.

"Mwalimu, huwa unaondoka kidogo, halafu unarudi," akasema. "Tulidhani unajua. Tukakubaliana tukusubiri tu."

Nikamuuliza tangu lini. Akajibu tangu mwaka jana.

Mwaka mzima! Na pikipiki naendesha kila asubuhi, mwanangu amenishika kiuno. Nilipofika nyumbani, kwa miguu, nikamweleza mume wangu. Akakiri kuwa ameniona nikinyamaza hivyo mezani mara nyingi, ila alifikiri nimemnunia, akaona heri asichokoze nyuki. Nilicheka, dada, halafu kicheko kikageuka kilio.

Daktari hakuniuliza mengi. Aliitazama ile video kwenye simu yangu, akairudia, kisha akanipeleka kupimwa ubongo. Majibu yalipotoka akaniambia ni kifafa. Nikambishia kabisa; nilimwambia mimi sijawahi kuanguka wala kutokwa na povu. Akanieleza kwa upole kwamba si kila kifafa humwangusha mtu. Kingine humchukua akiwa amesimama, kikamrudisha, naye asijue kuwa alikwenda. Amenipa dawa, amenikataza pikipiki, na kupika nisipike peke yangu. Akaongeza kwamba mara nyingine ugonjwa huu hutembea katika ukoo, akaniuliza kama nyumbani kuna mwingine anayenyamaza ghafla.

Nilimjibu hakuna. Nilikuwa nimefika mlangoni nilipokumbuka video nyingine iliyomo kwenye simu yangu.

Dada, nakuandikia kwa ajili ya mwanao mdogo, Chiriku wetu. Likizo ile mlipokuja, nilimrekodi akitukariria shairi alilofundishwa shuleni. Nimeitazama tena video hiyo. Anafika katikati, maneno yanakatika, mkono umebaki juu, mdomo unatafuna hewa. Sauti yako inasikika ikisema ameanza tena kiburi chake. Kisha kofi linasikika. Mtoto hashtuki, dada. Kofi linatua shavuni, naye wala hapepesi jicho. Akirudi ndipo anashika shavu na kutuangalia, mmoja mmoja, akitafuta aliyempiga.

Mimi nilikuwa nimeshika simu, nacheka.

Sikulaumu, ningekulaumu kwa macho yapi? Sote tuliona kiburi. Mimi si daktari, huenda nimekosea, na Mungu ajalie nimekosea. Lakini nimekutumia video hiyo kwenye simu yako. Itazame ukiwa na shemeji, kisha mleteni mtoto. Daktari amekubali kumwona siku yoyote mtakayofika. Kwa sasa asikae karibu na moto wala asioge mtoni peke yake, na waambie walimu wake. Nakusihi, asipigwe tena.

Mume wangu anawasalimu sana, na mwanangu anauliza wenzake watakuja lini. Msalimie shemeji, wabusu watoto wote. Chiriku mwambie hajakosa kitu, na kwamba mama yake mdogo amemtandikia kitanda.

Akupendaye daima,
Mdogo wako